Mlima Kenya, Sirimon hadi Chogoria: kipi kipunguzwe begini na kipi kisiguswe?

Msafiri wa Kiambu:

Salaam wanajukwaa. Mwezi wa Februari, Mungu akipenda, mimi na dada yangu tunakusudia kuupanda Mlima Kenya kupitia lango la Sirimon, tufike Point Lenana kwenye mita 4,985, kisha tuteremke upande wa mashariki kupitia Chogoria. Tumekwisha kupatana na mwongozaji atakayefuatana nasi, lakini tumeazimia kila mmoja wetu abebe mzigo wake mwenyewe bila kuajiri wapagazi, na hapo ndipo lilipo swali langu.

Mwaka jana nilikwenda milima ya Aberdare, kwenye kilele cha Satima, nikiwa na shanta lililonielemea tangu hatua za kwanza. Wakati wa kuteremka goti la kulia lilianza kuuma, nikawa natembea nikiinamisha uso, nikihesabu mawe ya mbele ya viatu vyangu, hali pande zote mbili imetanda ile nyanda ya nyasi na ukungu ambayo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Hadi leo mtu akiniuliza Satima pakoje, jambo la kwanza linalonijia ni mikanda ya lile shanta mabegani.

Safari hii sitaki kurudia kosa hilo. Juzi niliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yangu mwenye bucha, nikatandaza vitu vyote sakafuni na kuvipima kimoja kimoja. Shanta tupu lina kilo 2.6. Hema letu, ambalo ni la watu watatu, lina kilo 3.4. Mfuko wa kulalia ni kilo 2.3, mkeka wa sponji gramu 600, nguo kilo 4.1, jiko pamoja na sufuria mbili, sahani na vikombe kilo 2.2, thamosi ya chai gramu 800, na kile ninachokiita vitu vidogo, yaani tochi, betri, kamera, dawa, chaja, kitabu na mengineyo, kikafika kilo 2.4. Jumla ni kilo 18.4 kabla sijatia hata punje ya chakula wala tone la maji.

Nimesoma kwamba wanaojiita wasafiri wa mzigo mwepesi kabisa hubeba chini ya kilo 4.5, bila kuhesabu chakula, maji, mafuta ya jiko na nguo walizovaa. Wengi wao, hata hivyo, hutembea njia ndefu za Marekani wakati wa kiangazi, na nina shaka kama hesabu yao itahimili usiku wa kambi ya Shipton's, chini ya kilele. Naomba wenye uzoefu wanieleze nikate wapi, kama hema ni la lazima katika njia hii, na kama jiko la spiriti linafaa badala ya gesi. Dada yangu naye ameapa kwamba thamosi haiachi.

Mwongozaji wa Naro Moru:

Kijana wangu, nimefurahi kuona umepima kabla ya kuuliza, maana wengi huuliza kwanza na kupima wakiwa langoni. Nimewaongoza watu katika mlima huu kwa zaidi ya miaka 20, na nitakujibu kwa jinsi nilivyoona.

Hiyo kilo 4.5 iache kwa wenye njia zao. Mlima wetu uko kwenye ikweta, na jambo hilo huwadanganya wengi. Jua la saa sita mchana katika bonde la Mackinder litakubabua shingo, na usiku huohuo maji yataganda ndani ya chupa kando ya kichwa chako, tena hata katika Februari ambao ni mwezi mkavu. Mtu anayetembea mahali ambapo usiku una nyuzijoto 12 anaweza kulala ndani ya shuka jepesi na kujisifu, lakini wewe utalala kwenye takriban mita 4,200. Kwa hiyo vitu vitatu usivipunguze: mfuko wa kulalia unaostahimili baridi ya chini ya sifuri, koti la mvua linalozuia maji kwelikweli, na seti moja ya nguo kavu za usiku ambazo hazivaliwi njiani hata kwa dakika moja. Niliwahi kumwongoza kijana mwenye nguvu, mwepesi wa miguu kuliko mimi, aliyekuja na mfuko mwembamba kwa sababu ulikuwa na gramu 700 tu. Usiku wa pili aliupitisha ameketi kitako, amejifunika majaketi ya wenzake wawili, na kulipopambazuka hakuwa na nguvu za kwenda popote ila kuteremka. Kilele alikiona kutoka bondeni.

Palipo na uzito wa kutupa ni kwenye hizo nguo kilo 4.1. Nina hakika humo mna suruali tatu na fulana tano. Unahitaji nguo unazotembea nazo, ile seti kavu ya kulalia, jaketi moja nene, kofia, glavu na soksi jozi tatu. Nguo za pamba ziache Kiambu, kwa kuwa pamba ikilowa jasho au mvua hunyonya joto la mwili na haikauki huku juu. Shanta la kilo 2.6 ni zito kwa sababu limetengenezwa kubeba mizigo mizito, na ukishapunguza mzigo hutalihitaji. Ndiyo maana shanta hununuliwa au kuazimwa mwisho, baada ya kujua kitakachoingia ndani yake.

Kuhusu hema, ungekuwa unapanda na kurudi kwa Sirimon ningekuambia uliache, kwa sababu Old Moses na Shipton's pana mabanda ya kulala yenye vitanda. Upande wa Chogoria hali ni nyingine. Banda la zamani la Minto's limechakaa na halifai kutegemewa, nawe utataka kulala karibu na viziwa vya Hall Tarns, hatua chache kutoka kwenye ukingo wa mwamba tunaouita Temple, ambapo ardhi hukatika ghafla na ziwa Michaelson huonekana chini kabisa, kimya kama kioo. Nimesimama pale mara nyingi na bado huvua kofia. Chukueni hema la watu wawili, mmoja abebe turubai na vigingi, mwingine abebe hema la ndani na nguzo.

Maji usiyabebe kama mtu anayekwenda jangwani. Mlima huu ndio unaoinywesha nchi, na vijito utavivuka kila siku. Lita moja begini yatosha, isipokuwa alfajiri ya kwenda kileleni, ambapo lita moja na nusu ni afadhali. Yatibu kwa dawa ya klorini, na uyape muda mrefu kuliko ulivyozoea nyumbani kwa sababu maji baridi huichelewesha dawa. Ukiwa na chujio lile la nyuzi zenye matundu madogo, lala nalo ndani ya mfuko wa kulalia, kwani likiganda mara moja nyuzi hupasuka, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Sasa lisikilize hili kuliko yote. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni kupanda kutoka mita 3,300 hadi 4,200 kwa siku moja, ilhali madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo. Wepesi wa mzigo hauupi mwili nafasi ya kuzoea: mwenye mzigo mwepesi hufika Shipton's saa saba mchana akicheka, na saa tatu usiku kichwa kinampasuka na chakula hakishuki. Lala usiku wa ziada Old Moses au Shipton's, na mchana wake upande kidogo kisha urudi. Siku hiyo itakugharimu kama gramu 700 za chakula, na katika mzigo wako wote hakuna gramu zilizotumika vizuri zaidi ya hizo. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anateremshwa wakati huohuo, iwe usiku au mchana.

Chakula chenyewe usikipunguze kwa sifa. Wazee wa Nanyuki wanakikumbuka kisa cha wafungwa wa kivita watatu wa Kiitaliano, Felice Benuzzi na wenzake, waliotoroka kambini hapo mjini mwanzoni mwa 1943 kwa ajili ya kuupanda mlima huu na kurejea wenyewe kifungoni. Kamba walizisuka kutokana na nyavu za vitanda, meno ya chuma ya kukanyagia barafu waliyatengeneza kwa vyuma vilivyotupwa, na mojawapo ya michoro ya mlima waliyoitegemea ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wawili walifika Lenana na kupandisha bendera yao. Vifaa vyao duni viliwavusha, lakini chakula kiliwaishia, na waliporudi walikuwa wamekongoroka kwa njaa. Nawaheshimu sana watu wale, na kila nikimwona mtu anapima biskuti kwa gramu nawakumbuka.

Kile utakachobeba kifunge vizuri. Pale Shipton's pimbi wamewazoea wageni, na mfuko ulioachwa wazi kwa dakika mbili wataupekua hadi chini.

Mshonaji wa Ngara:

Mzee amesema yote ya mlimani, nami sina la kuongeza huko. Nitasema juu ya vifaa, kwa sababu watu wengi huacha jambo hili wakiamini kwamba wepesi ni wa wenye pesa.

Jaketi la manyoya ya bata, ambalo dukani lina bei ya kutisha, hupatikana Gikomba na Toi katika marobota ya mitumba, hasa asubuhi ya kufunguliwa kwa robota. Usilinunue kwa jina lililoandikwa kifuani. Likunje liwe dogo kama ngumi mbili, lishikilie ukihesabu hadi 30, kisha liachie juu ya meza na ulitazame. Likivimba polepole mpaka kila kifuko kikajaa, manyoya yako hai. Likibaki limelala kama kitambaa kilichopigwa pasi, limefuliwa vibaya na halitakupa joto. Baada ya hapo liinue dhidi ya mwanga, na ukiona mabaka yanayopitisha mwanga mabegani au mgongoni, hapo manyoya yamehama na baridi itaingia kwa mlango huohuo. Kumbuka pia kwamba manyoya yakilowa hayana kazi, kwa hiyo jaketi na mfuko wa kulalia vikae ndani ya mfuko usiopenya maji wakati wote wa kutembea. Mimi huishona mifuko hiyo kwa kitambaa cha nailoni cha miavuli iliyovunjika kikiwa bado kizima, nikapaka mshono gundi ya silikoni, na mmoja hauzidi gramu 60.

Jambo la pili ni chupa. Katika makala za ughaibuni utasoma kwamba chupa nyepesi kuliko zote ni ile ya maji ya dukani. Kwetu hapana. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, na ni haki, kwa maana nimezikuta chupa hizo zimekwama katikati ya mashina ya lobelia. Nunua chupa ya aluminiamu ya lita moja. Usiku itie maji ya moto, ivalishe soksi na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Utapata joto, na asubuhi utapata maji ambayo hayajaganda, tena hiyo soksi utaivaa ikiwa ya vuguvugu.

Kuhusu jiko, spiriti ni rahisi kupatikana na jiko lake halina uzito wa kutajwa, lakini kwenye baridi huwaka kwa uvivu na upepo huichezea. Kwa watu wawili na usiku minne, chukua gesi. Angalia maandishi ya mtungi: gesi ya butani peke yake huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo tafuta mtungi uliochanganywa na propani, na usiku ulale nao kifuani. Sufuria moja ya lita moja na nusu inawatosha nyote wawili. Sahani hazihitajiki kwa mtu mwenye sufuria na kijiko.

Mwenyeji wa Lushoto:

Habari zenu ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka. Mimi ningemshauri Msafiri ajaribu mzigo wake mahali ambapo kosa halitamdhuru. Huku kwetu Usambara mtu hutembea siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae, akipita msitu wa Magamba, mashamba ya kabichi na matunda damu, akilala Rangwi kwa watawa na kwenye nyumba za wageni vijijini, mpaka afike mwisho wa milima ambapo nyika ya Mkomazi hufunguka chini yake bila kikomo. Hema halihitajiki, jiko halihitajiki, na chakula kipo kila kijiji. Mimi huenda na mzigo usiozidi kilo 5, na katika njia ile ndipo nilipojifunza, safari baada ya safari, ni vitu gani vilirudi nyumbani havijaguswa. Baada ya kila safari navitoa vyote na kuvigawa mafungu mawili, vilivyotumika na visivyotumika, na fungu la pili haliendi tena isipokuwa dawa na koti la mvua.

Kama Lushoto ni mbali kwako, walau lala usiku mmoja nje ukiwa na mzigo huohuo kabla ya Februari.

Kuhusu chakula, huko juu maji huchemka kwenye takriban nyuzi 86, kwa hiyo maharage na mchele wa kawaida vitakula gesi yako yote na bado vitakuwa vigumu. Beba vitu vilivyokwisha kuiva au vinavyoiva kwa kumwagiwa maji ya moto: tambi nyembamba, unga wa uji uliokaangwa, tende, karanga, nazi iliyokaushwa. Mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule, ndiyo maana siagi ya karanga ina thamani kuliko biskuti za uzito uleule. Ninyi Wakenya pia mna nyirinyiri, ile nyama inayokaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta yake na ndugu zetu wa kaskazini, ambayo hukaa wiki kadhaa bila kuharibika. Nimeionja Isiolo mara moja, na sijakutana na chakula cha safari kilicho bora zaidi.

Msafiri wa Kiambu:

Shikamoo Mzee, na asanteni sana nyote. Nimepima upya jana usiku. Nimeazima shanta la lita 45 lenye kilo 1.1. Hema la watu wawili tumekodi, na fungu langu ni kilo 1. Mfuko wa kulalia wa manyoya, wa kukodi pia, una kilo 1.3 na umeandikwa kustahimili nyuzi 7 chini ya sifuri. Mkeka nimeukata ukomee magotini, ukabaki gramu 400, na miguu nitailaza juu ya shanta. Nguo zisizo mwilini ni kilo 2.3, jiko na sufuria gramu 600, vitu vidogo kilo 1.2 baada ya kuacha kitabu, kamera na chaja. Jumla ni kilo 7.9. Tumeongeza siku moja kama Mzee alivyoagiza, kwa hiyo chakula cha siku 5 ni kilo 3.5, na nikiongeza lita moja ya maji naanza safari na kilo 12.4, ukiacha mtungi wa gesi ambao dada ndiye ataubeba. Jumamosi nitapanda Longonot nikiwa na mzigo wote huo, nizunguke ukingo wa kreta mara mbili, nisikie goti litasema nini.

Limebaki jambo moja. Dada bado ameikumbatia thamosi, naye ananiomba nimuulize Mzee moja kwa moja.

Mwongozaji wa Naro Moru:

Marahaba. Kilo 7.9 kwa mlima huu ni mzigo wa mtu aliyefikiri, na usijaribu kuushusha zaidi kwa kugusa vile vitu vitatu.

Thamosi mwambie aibebe, ila atafute ya nusu lita. Kwenda kileleni mtaondoka Shipton's kama saa tisa usiku, na saa ile vidole havitaki kushika kiberiti, gesi ni nzito, na mtu ambaye hakunywa kitu cha moto huchoka kabla ya kuanza. Chemsheni maji jioni mnapopika, mtie chai na sukari nyingi, mfunge. Nusu mnywe kabla ya kuondoka, na nusu muihifadhi mpaka juu, jua litakapotoka.